Wasichana Wote, Mbuzi Mmoja

Hata nusu ya darasa hajaimaliza, Inspekta Tandoh alikuwa ameshachoshwa na mbuzi.

"Isome tena," alimwambia binti aliyesimama mbele ya meza.

"Tafadhali, Bwana Inspekta, nimeshaisoma mara mbili."

"Na mimi nataka mara ya tatu. Soma."

Binti akashusha pumzi, akaikodolea macho karatasi yake ya mtihani, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Mbuzi alikula kabeji; bibi mkubwa alikula mbuzi."

"Hiyo umeitunga mwenyewe?"

"Ndiyo, tafadhali."

"Bila kuchungulia kwa jirani?"

"Ndiyo, tafadhali."

"Na mwenzako aliyetoka sasa hivi naye kaitunga mwenyewe. Na aliyemtangulia. Na aliyemtangulia huyo aliyemtangulia. Darasa zima mmeamka asubuhi moja, kila mtu na mbuzi wake kichwani, na mbuzi ni yule yule!"

Binti alifikiri. "Labda ni bahati, tafadhali."

Inspekta alimwonyesha mlango. Akaweka kalamu chini, akajifuta jasho la shingo. Miaka yote aliyokaa kwenye upelelezi pale Cape Coast alikuwa amekamata wezi wa nyaya za simu, wezi wa mashine za boti, na mchungaji mmoja aliyeuza kiwanja cha kanisa kwa watu watatu. Wote hao walimdanganya kwa akili. Hawa wa Shule ya Wasichana ya Egyaakrom walikuwa wanamdanganya kama watu wasiojali kabisa iwapo anaamini ama haamini, na hilo ndilo lililomkera kuliko uongo wenyewe.

Kesi yenyewe, ukiieleza kwa mtu mwenye shughuli zake, ilikuwa ya aibu. Mfuko wa Bissue huwalipia ada ya chuo kikuu, tangu mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, wasichana wa Egyaakrom wanaofaulu mtihani wa Kiingereza unaotungwa na Mfuko wenyewe. Mwaka huu swali moja lilisema: tunga sentensi tatu zako mwenyewe zinazotumia nukta mkato kwa usahihi. Darasa zima likaandika sentensi tatu zile zile, kwa mpangilio ule ule. Mbuzi alikula kabeji; bibi mkubwa alikula mbuzi. Kengele imelia; uji haujaiva. Mvua imeingia bwenini; paka ameomba mwavuli. Zote zilikuwa sahihi, nukta mkato imekaa panapotakiwa, na msahihishaji alikuwa ameshatoa alama zote kwa karatasi kadhaa kabla hajashtuka kwamba anamjua yule paka.

Mfuko ukaamua kwamba mtihani umevuja. Wajumbe wangekaa jioni hiyo hiyo, na kama polisi hawajawapa jina la mwizi, darasa zima lingefutwa. Angebaki mmoja tu, Theodora Halm, ambaye sentensi zake hazikuwa na mbuzi wala paka. Kwa wengi wao, ufadhili huo ndio ulikuwa njia pekee ya kukanyaga chuo kikuu. Inspekta alilijua hilo kwa sababu asubuhi, pale getini, akina mama wenye vitambaa kichwani walikuwa wamelizunguka gari lake na kumwambia, kila mmoja kwa wakati mmoja na mwenzake.

"Inspekta, mbona huandiki?" aliuliza Madam Ocran.

Huyo alikuwa mwalimu mkuu. Alikuwa amekiweka kiti chake kiwikoni kwa Inspekta tangu asubuhi, eti kisheria yeye ndiye mzazi wa wasichana wawapo shuleni, na hakuna mtoto wake atakayehojiwa peke yake na mwanamume.

"Naandika, Madam."

"Umeandika 'alikanusha', ukaweka mkato, ukaendelea. Hapo panataka nukta mkato. Ni sentensi mbili hizo."

"Ni maelezo ya polisi, Madam. Siyo insha."

"Ndiyo maana kesi zenu huanguka mahakamani," alisema Madam, akajipepea.

Inspekta alihesabu pumzi zake kimoyomoyo, kama daktari wa presha alivyomwelekeza, akaamuru aletwe mwalimu wa Kiingereza.

Mwalimu Kwegyir Sagoe aliingia na kibegi. Alipoulizwa cha nini, alifungua akaonyesha: mswaki, sabuni, taulo na chupi mbili. Alikuwa amejiandaa kulala mahabusu. Alikuwa mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, na alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Mwalimu, sentensi hizi umewapa wewe?"

"Hapana, mkubwa."

"Ulikuwa unazijua kabla ya mtihani?"

Sagoe akamtupia jicho Madam Ocran, akalirudisha upesi. "Nilikuwa nimezisikia."

"Wapi?"

"Hewani."

"Hewani! Kwenye redio?"

"Zilikuwa zinapita tu, mkubwa, nami nilikuwa napita."

"Unanichezea, Mwalimu?"

"Hata kidogo. Mimi ninachokiri ni kufundisha. Niliwafundisha kwamba nukta mkato hukaa katikati ya sentensi mbili, kila moja ikiwa inaweza kusimama kwa miguu yake. Ikiwa moja ni kiwete, nukta mkato haifai. Miguu, mkubwa. Kila siku nawaambia miguu. Hayo ndiyo makosa yangu, kama ni makosa."

"Funguo za stoo ya mitihani anakaa nazo nani?"

"Mimi na Madam."

"Mnaona!" alisema Madam Ocran, akakunja pepeo lake. "Inspekta, mimi singependa kumsemea vibaya mtumishi wangu. Lakini funguo ni mbili, na mimi siyo mwizi. Hesabu ndogo hiyo."

Hesabu hiyo Inspekta alikuwa ameshaifanya asubuhi, na haikumpa jibu. Alikuwa ameingia stoo mwenyewe. Sanduku la Mfuko lilikuwa bado na lakiri yake ya siku ya mtihani, iliyovunjwa mbele ya mashahidi. Mtu aliyeifungua kabla angelazimika kutengeneza lakiri nyingine yenye muhuri wa Mfuko, na Mwalimu Sagoe hakuonekana mtu wa kuweza kughushi hata ruhusa ya kwenda msalani.

Zaidi ya hapo, kulikuwa na jambo lililokuwa likimkwaruza Inspekta tangu alipozisoma karatasi zile. Mwizi wa pikipiki hupaka rangi nyingine. Mwizi wa mbuzi, na amewajua wengi, hukata masikio yenye alama. Sasa hawa waibe swali kabla ya mtihani, wapate siku nzima au wiki nzima ya kujitayarisha, halafu wakubaliane wote kuandika upuuzi mmoja ambao hata kipofu angeutambua? Hakuna mwizi mjinga kiasi hicho. Na wajinga wa kiasi hicho hawakai jirani kwenye darasa moja.

"Kakae nje, Mwalimu. Na hicho kibegi ukirudishe nyumbani, kinanitia uchungu."

Aliyefuata aliitwa Araba Nyanzu. Alikuwa mfupi, kichwa kimenyolewa karibu na ngozi kama wenzake wote, mabega mapana, nahodha wa michezo wa Nyumba ya Bluu. Mama yake alikuwa mmoja wa wale wa getini, muuza dokono, yale madonge ya mahindi, wa stendi. Ndiye aliyekuwa amemkaba Inspekta tai. Alama za Araba zilikuwa za juu kuliko za darasa zima, ukimtoa mbuzi.

Safari hii Inspekta, kwa kuchoka tu, aliamua kusoma mwenyewe.

"Mbuzi alikula kabeji," alisoma, akasita kugeuza karatasi iangalie mwanga.

Dum.

Ilikuwa sauti ndogo. Alikuwa ameisikia asubuhi nzima, tena na tena, akadhani kuna fundi anapiga misumari mahali. Sakafu ya ofisi ile ilikuwa ya mbao.

"Bibi mkubwa alikula mbuzi," alimalizia polepole. Akaruka kwenda sentensi ya pili, macho yakiwa chini ya meza. "Kengele imelia..."

Kisigino cha kushoto cha Araba kikapanda, kikashuka. Dum. Uso wake haukuonyesha kitu. Ilikuwa wazi kwamba kisigino hakikumwomba ruhusa.

Inspekta alikaa wima. Akamgeukia mwalimu mkuu kwa adabu yote aliyokuwa amebakiwa nayo.

"Madam, nina shida. Ningependa darasa lote lipangwe uwanjani, kwa kimo na kwa nyumba zao, ili niwatazame. Nimejaribu kuwaza nani anaweza kunipangia..."

"Hapa hakuna mwingine anayeweza," alisema Madam Ocran, ameshasimama. "Wengine hupanga kama wanamwaga viazi."

Mlango ulipofungwa, Inspekta alisogeza kiti, akatoka nyuma ya meza. Alikuwa na tumbo na goti bovu, lakini na yeye aliwahi kuwa mwanafunzi wa bweni hapo hapo Cape Coast, na mashindano ya shule aliyajua. Akasema kwa mdundo, "Mbuzi alikula kabeji!" Akakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia.

"Siyo huo, Bwana Inspekta," Araba aliropoka, "hapo ni wa kushoto! Wa kulia ni kwenye..."

Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Kwenye nini?"

Araba akazidi kuikaza mikono mdomoni.

"Jama," alisema Inspekta. "Mnaimba jama, zile nyimbo za mashindano, si ndiyo? Ngoma, madebe, miguu, mnawatukana Nyumba Nyekundu. Nami niliimba. Tulikuwa na moja juu ya mwalimu wa hesabu, kama ingemfikia, leo ningekuwa nachunga ng'ombe. Sema, mwanangu. Madam hayupo."

Araba alitazama mlango. "Atatufukuza, tafadhali."

"Kwa wimbo?"

"Kwa wimbo huo."

Habari ikatoka kidogo kidogo, kila kipande kikifungwa kwa tafadhali. Mwalimu Sagoe aliwafundisha alama za uandishi kwa mwili. Mkato, gonga kidole. Nukta, piga kofi. Nukta mbili, kanyaga kwa mguu wa kulia. Nukta mkato, kanyaga kwa mguu wa kushoto, maana sentensi moja imesimama na nyingine inakuja kusimama kando yake. Nao wakaona darasani hapatoshi, wakaitia kwenye jama. Shule ilikuwa na mbuzi. Mbuzi akaingia bustani ya jikoni, akala kabeji. Madam akaamuru achinjwe.

"Tukafurahi, tafadhali. Tukajua jioni kuna nyama. Tukasuuza sahani kabisa."

"Kisha?"

"Nyama ikaenda nyumbani kwa Madam. Sisi tukala maharage."

Inspekta alikohoa ili asicheke.

"Tukaiimba siku ya mashindano. Ubeti wa mbuzi ulipofika akauliza, nani huyo bibi mkubwa? Tukatazama miguu yetu. Akapiga marufuku jama. Akasema atakayesikika anaimba tena huo wimbo atarudi kwao siku hiyo hiyo na sanduku lake. Sasa tunaimbia kwenye sehemu ya kufulia, kwa sauti ya chini. Mguu tu ndio unasikika."

"Kwa hiyo mmekaa hapa tangu asubuhi mnaniambia ni bahati, huku mnapoteza ufadhili, kwa kuogopa wimbo?" Sauti ya Inspekta ilipanda yenyewe. "Mnajua chuo kikuu ni kitu gani? Mama yako karibu aniue pale getini!"

"Ufadhili hatujaupata bado, tafadhali," alisema Araba. "Kufukuzwa tunakujua."

Hapo Inspekta aliona binti ana haki.

"Sasa kwa nini mkaiandika kwenye mtihani, na mnajua ni ya hatari?"

"Muda ulikuwa unaisha. Mwalimu alisema ukikwama, kanyaga. Nikakanyaga, mbuzi akaja."

"Na nyote mkakanyaga."

"Wote. Msimamizi akauliza nani anapiga meza."

Inspekta akarudi kwenye kiti chake taratibu. Basi hapakuwa na mwizi. Kulikuwa na mwalimu aliyefundisha vizuri kupita kiasi, na wasichana walioogopa. Alikuwa tayari kushika simu, afunge kesi, aende zake akale. Mkono ukafika kwenye simu, ukasimama hapo.

"Theodora Halm kwani hakukwama?" aliuliza. "Au haimbi?"

Araba aliinua bega moja. "Theodora halali bwenini. Anakaa kwa Madam. Ni mtoto wa kaka yake."

"Wa nani?"

"Wa Madam, tafadhali. Ndiyo maana haji kufulia. Nguo zake anafuliwa."

Siku nzima Inspekta alikuwa amekaa kiwiko kwa kiwiko na mwanamke yule, amesahihishwa mkato na nukta, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia jambo hilo. Alimtuma Araba akamwite Theodora, akachomoa karatasi ya binti huyo kwenye rundo. Asubuhi alikuwa ameipitia harakaharaka. Ilikuwa karatasi safi, na mtu huwa hapekui karatasi safi. Sasa aliisoma. "Gavana alishuka bandarini; umati ulivua kofia."

Akaisoma tena, kisha akapiga simu Cape Coast, kwa Mzee Bartels, msahihishaji wa Mfuko.

"Mzee, nisomee jibu la mfano la swali la nukta mkato. Hilo mlilopewa la kusahihishia."

Ilisikika pekuapekua ya kutafuta miwani. "Hili hapa. Gavana alishuka bandarini; umati ulivua kofia. Sentensi ya kistaarabu hiyo."

"Na Theodora Halm aliandika nini?"

"Hiyo hiyo!" Mzee Bartels alichangamka. "Neno kwa neno! Tulifurahi mno, Inspekta. Mwenyekiti alisema, huyu ni binti mwenye fikra kama zetu. Tukampa alama zote."

Inspekta alifumba macho. "Mzee Bartels. Wasichana wamefanana wenyewe kwa wenyewe, mkaita polisi. Mmoja kafanana na jibu lenu la siri, mkapiga makofi?"

"Lakini lake ni jibu sahihi," alisema Mzee Bartels kwa mshangao wa kweli.

"Swali hilo nani alilitunga?"

"Kila mwalimu mkuu kwenye kamati alitunga sehemu yake. La alama za uandishi ni... subiri. Ni Madam Ocran. Aliapa kama wenzake kwamba hana ndugu kwenye mtihani, na..." Mzee akakatika katikati ya neno. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, mtu wa Mfuko wa Bissue alikuwa amekosa la kusahihisha.

Theodora aliingia bila kubisha, maana ofisi ile ilikuwa kama sebule yao. Alikuwa mwembamba, viatu vinang'aa, soksi zimevutwa sawasawa.

"Kaa, mwanangu. Huyu gavana ni nani?"

"Ni gavana tu, tafadhali."

"Mimi nina mvi mpaka masikioni na sijawahi kumwona gavana wa kikoloni. Aliyevua kofia ni baba yangu, tena alikuwa mtoto. Wewe na umri huo umemtoa wapi?"

Theodora alitazama sakafu. Inspekta alijaribu tena, akaisoma sentensi ya mbuzi, akasita katikati. Viatu vile vya kung'aa havikutikisika.

Hapo ndipo alipoona wazi jinsi alivyo mikono mitupu. Madam angesema ni sadfa. Mpwa wake amelelewa kwenye nyumba yenye vitabu. Hakimu gani angemfunga mtu kwa sababu kisigino hakikupanda? Aliupandisha mori, akaushusha, akaamua kusema ukweli kwa vile vitu vingine vyote vilikuwa vimemshinda.

"Nisikilize. Mimi sina ushahidi. Ukiniambia hiyo sentensi ni yako, nitaandika ni yako, na utaenda chuo kikuu kwa fedha za Bissue. Wale wenzako nao, wimbo wao nimeshaujua, nitajaribu kuwatetea. Lakini Mfuko umekwisha kuona aibu, na watu wenye aibu hupenda kufuta kila kitu. Jina la mwizi nikiwa nalo, watanisikiliza. Nikiwa sina, wale wote walio juani wanarudi kwao. Sikulazimishi. Nimechoka hata kulazimisha."

Kutoka uwanjani ilisikika sauti ya Madam Ocran ikimkemea mtu aliyezidi kimo.

"Shangazi alinifundisha kila siku baada ya chakula," Theodora alisema. "Alisema ni mazoezi. Nilikariri yote. Siku ya mtihani nilipofunua karatasi ndipo nikajua ni nini."

"Ukaandika."

"Nilitaka kutunga nyingine. Sikuipata. Nilikuwa nimemezeshwa zile tu."

"Na walipoitwa wezi?"

"Nilijua hawakuiba. Dirisha langu liko juu ya sehemu ya kufulia. Nawasikia kila jioni. Naijua yote, Bwana Inspekta, hata beti wanazosahau wenyewe." Aliikunja pindo ya sketi, akaikunjua. "Lakini ningesema wanaimba, wangefukuzwa. Ningesema la shangazi, angefungwa. Kunyamaza ndiko kulikuwa rahisi."

"Unaijua yote, na mguu haukukanyaga?"

"Dirishani unakanyaga na nani?"

Inspekta aliandika maelezo, akamsomea, akampa kalamu. Binti alikuwa anamalizia kuweka sahihi wakati mlango ulipofunguliwa.

"Nimewapanga," alisema Madam Ocran. "Kwa kimo, kwa nyumba, na walio..." Akaona nani amekaa kwenye kiti. "Theodora. Amka hapo. Usiseme neno."

"Nimeshasema, shangazi."

Madam Ocran alichukua maelezo mezani, akayasoma amesimama, pepeo limekunjwa kwapani. Alipomaliza aliyarudisha yalipokuwa, akayanyoosha.

"Nimemfundisha mtoto nyumbani kwangu," alisema. "Kila mzazi anafundisha."

"Siyo kila mzazi anatunga mtihani, Madam. Na siyo kila mzazi anamsukuma mwenzake kwa polisi na kibegi cha mswaki, huku anajua mwizi ni nani."

"Wewe hujui nilikomtoa huyu mtoto. Kaka yangu amekufa hana hata..." Akajizuia. Alitazama dirishani, kule alikowapanga wasichana wakasimama kama meno ya kitana. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Inspekta hakuisikia kwake siku nzima, "Huyo bibi mkubwa. Ni mimi?"

Theodora akainamisha kichwa.

"Mbuzi yule alikuwa mgonjwa, Inspekta," alisema Madam Ocran. "Asingewafaa watoto."

Inspekta alimwomba achukue mkoba wake. Akampigia Mzee Bartels, akamtajia jina, akamweleza habari ya wimbo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mzee alidhani simu ina hitilafu. Mwishowe Bartels akaahidi, kwa niaba ya wajumbe ambao alikuwa hajawauliza, kwamba karatasi zote zingesahihishwa na kila msichana angepata alama zake. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kukata simu mapema. Inspekta alimfanya arudie, na akaandika.

Waliposhuka uwanjani jua lilikuwa limewakaanga wale mabinti vya kutosha. Mwalimu Sagoe alikuwa bado amekumbatia kibegi. Inspekta aliwatangazia kwa maneno machache: hakuna atakayefutwa, hakuna atakayefukuzwa, waende wakanywe maji. Alitegemea vigelegele. Wao walikuwa wanamtazama Madam Ocran akiingizwa kwenye gari la polisi kiti cha nyuma, na hakuna aliyejua uso wa kuvaa.

"Bwana Inspekta," alisema Theodora, "naomba niwaambie mwenyewe."

Aliwaambia. Hakulia na hakuzunguka. Alisema jibu alipewa na shangazi yake, alisema aliandika akijua, alisema alijua kuwa wao hawana kosa na akakaa kimya tangu walipoitwa wezi. Alipomaliza alibaki amesimama pale pale mbele yao, mikono pembeni.

Mistari ilivunjika taratibu. Walimpita kushoto na kulia, wengine bila kumwangalia, na mmoja alimwangalia akatema mate chini. Inspekta alisimama kando ya gari na ufunguo mkononi, na hasira yake ya siku nzima ikapata mahali pengine pa kutua: nyumba ya mwalimu mkuu ni ya shule, itafungwa leo hii, na yeye amemkamata mtu mzima bila kuwaza mtoto atalala wapi. Kituoni hapakuwa na pa kumweka. Alifungua mdomo kumwita Mwalimu Sagoe.

Araba Nyanzu alikuwa ameshafika kwenye kivuli cha bweni. Akasimama. Akarudi, akitembea kama mtu aliyetumwa na adui yake, mpaka mbele ya Theodora.

"Kitanda cha juu yangu kiko wazi," alisema. "Leta shuka zako. Na usiniongeleshe."